Kichwa cha Mbasa

Kwetu Kitura firigisi ya kuku ni ya baba. Kuku apikwe kwa sikukuu au kwa ajili ya mgeni, firigisi itatengwa kwenye kibakuli chake na itasubiri, hata kama baba yuko kilabuni na hana mpango wa kurudi kabla ya giza. Dada yangu aliwahi kuidokoa chunguni akiwa mdogo. Hakuchapwa. Bibi alimtangazia tu mbele ya ukoo mzima kwamba msichana mla firigisi huolewa na mwanaume asiyejua njia ya nyumbani. Mpaka leo mume wake akichelewa kurudi, tunampigia simu dada kumwuliza ile firigisi ilikuwa tamu kiasi gani. Anacheka, lakini simu anaikata haraka.

Nalitaja hilo kwanza ili ijulikane nilishuka ziwani na malezi gani. Watu wa kule chini walinifanya nionekane sikulelewa kabisa, na hilo bado linaniuma.

Mchumba wangu alikuwa mtu wa ziwani. Alisimamia upakiaji wa makaa ya mawe kule Ngaka, mimi nikipima kahawa kwenye chama cha msingi, na wote wawili tulipanga vyumba Mbinga mjini. Alikuwa na meno mazuri na maneno matamu, na wakati ule niliona hayo yanamtosha mwanaume. Kila Jumamosi asubuhi alikuwa anajisugua mpaka vumbi jeusi limtoke masikioni, ananipitia na gari lake, tunaanza kuziteremka kona kuelekea Mbamba Bay. Juu tunaacha baridi, chini tunapokelewa na joto na harufu ya usipa, dagaa wa ziwani, walioanikwa. Huko ndiko walikokuwa marafiki zake. Wazazi wake walikuwa wamekwisha kufa wote wawili, na aliniambia bila kuficha kwamba hao marafiki ndio baba na mama, ndio wajomba na mashangazi. Wakinikubali wao, ndoa ipo. Wasiponikubali, hakusema itakuwaje, na mimi sikuuliza.

Hawakuwa wengi. Mwenyeji alikuwa fundi wa injini za boti, mtu wa tumbo kubwa na sauti ya kuita mtu aliye katikati ya maji. Mkewe ndiye aliyepika. Wa tatu alikuwa mwalimu wa sekondari, kapera mwembamba aliyeshuka kwa pikipiki kutoka Kingerikiti, mtoto wa kasisi wa Anglikana, ndiyo maana kila mlo alipewa yeye auombee. Aliomba kwa kifupi na kula kwa kirefu.

Nisiwe mchoyo wa sifa. Sijawahi kula vizuri kama nilivyokula kwenye kibaraza kile. Palikuwa na usipa wabichi wa asubuhi, waliokaangwa mpaka wanavunjika vidoleni. Palikuwa na samaki aina ya magege wa mchuzi wa nyanya na ndimu, na ugali wa muhogo unaovutika, ambao mara ya kwanza nilidhani umeharibika nikaula kwa woga. Wakati wake ukifika alikuwapo samaki aitwaye mbasa, aliyebanikwa kwanza juu ya makaa kisha akazamishwa kwenye mchuzi mwepesi wenye vitunguu na pilipili nzima zisizopasuliwa. Bia na soda zilikuwa kwenye ndoo ya barafu. Tulianza kula mchana, tukamaliza jua likiwa limelala upande wa Malawi, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kwenda popote. Mtu aliyeshinda wiki nzima akipima magunia anaelewa raha ya namna hiyo. Hata nilipowachukia, mate yalinitoka tangu Alhamisi.

Siku ya kwanza kabisa walikuwa wamempata mbasa mkubwa. Tulinawa, mwalimu akaomba, mke wa mwenyeji akaanza kupakua. Kipande cha kwanza kilichotoka chunguni kilikuwa kichwa, kizima, macho yakiwa yamegeuka meupe, na mama yule akakiweka mbele yangu. "Karibu, shemeji," alisema. Wote wakanitazama.

Nilikiangalia kile kichwa na kile kichwa kikaniangalia. Nilijua kwamba nimepewa sehemu ya heshima, hilo lilionekana hata kwa mjinga. Na Kitura sehemu ya heshima mwanamke hajiwekei. Nikaona nimepewa mtihani, na kwamba nimeshalijua jibu lake. Nikakishika kichwa kwa mikono miwili, mchuzi ukinichuruzika mpaka kwenye viwiko, nikakiweka kwenye sahani ya mchumba wangu, nikapiga goti kidogo, nikasema, "Chako hiki, baba."

Mwenyeji alicheka mpaka akaondoka mezani. Alikwenda kujishika kwenye nguzo ya kibaraza, tumbo likimtikisika. Mwalimu alipaliwa. Mke wa mwenyeji alijifunika uso kwa kanga. Mchumba wangu alijaribu kujizuia, nikaona anavyojaribu, halafu akashindwa, na aliposhindwa alicheka kuliko wote, huku amekishika kichwa cha samaki.

"Umekataa kichwa, shemeji!" mwenyeji alipiga kelele. "Kichwa cha kwako umemlisha mwanaume! Kwani kwenu samaki ana firigisi?"

Nikajitia kueleza. Lilikuwa kosa la pili, na kubwa kuliko la kwanza. Nilieleza habari za baba, kibakuli na bibi, na kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyozidi kulia kwa kicheko. Kabla jua halijatua jina langu la ubatizo lilikuwa limekwisha kazi. Niliitwa Shemeji Firigisi, na walipozoea wakaona hata shemeji ni ndefu, ikabaki Firigisi.

Kuanzia hapo sikupewa kichwa tena. Alikuja mgeni kutoka Songea, rafiki wa mwalimu, akapewa yeye. Alikuja fundi mwenzake mwenyeji, akapewa yeye. Pasipokuwa na mgeni, kichwa alikula mwenyeji au kiligombewa. Mimi nilipewa mkia, tena si mezani. Nilikula jikoni na mke wa mwenyeji kwenye sinia moja, mikono yetu ikigongana. Aliniwekea pilipili nyingi makusudi. Akiniona nalia alisema, "Kula, Firigisi, milimani kwenu pilipili zinaogopa baridi."

Niliwekwa kazini pia. Nilimenya, niliparua samaki, nilisugua masufuria, na sikumbuki asante hata moja. Nilipeleka maharage ya kwetu, mazuri, ya njano, mwenyeji akauliza kama ni chakula au ni risasi. Nilipeleka vitunguu, mkewe akanituma nirudi na vikubwa zaidi. Mvua iliponyesha uani pakatuama maji, mwenyeji aliniletea jaketi la kuokolea watu nivae nivuke kwenda chooni. "Nyie Wamatengo wa milimani mkiona maji mnataka kuyachimbia mashimo kama ya mashambani kwenu," alisema. Nilivua viatu nikavuka.

Kubwa kuliko yote lilikuwa la salamu. Walinikalisha wote watatu, nyuso zimekunjwa, wakaniambia kwamba mwali wa milimani anayetaka kuolewa ufukweni ni lazima aliamkie ziwa, ama sivyo litamkataa. Mchumba wangu alikuwa pale, akatikisa kichwa kukubali. Nikashuka mpaka kwenye mchanga. Wavuvi walikuwa wakivuta kokoro, wanawake wakiosha vyombo. Nikapiga magoti mbele ya maji, nikasema "Shikamoo" kwa sauti, kwa sababu mwalimu alikuwa ameniambia lazima isikike. Wavuvi waliiachia kamba. Video ilikuwa kwenye kundi letu la wasapu kabla sijafuta mchanga magotini.

Nilimchukia kila mmoja wao kwa jina lake. Mwenyeji nilimwombea injini zimharibikie zote kwa pamoja. Mwalimu nilimwona ni nyoka aliyevaa tai. Lakini yule mama ndiye aliyenitesa, kwa sababu alikuwa mwanamke mwenzangu, na nilijiambia kwamba anakificha kichwa kile kwa wivu. Nikaamua siku moja nitakila mbele yao, na nitakila hivi kwamba watajuta.

Basi nikajifunza. Sokoni Mbinga samaki huja na barafu, na wauzaji walinizoea kama mwanamke anayetaka vichwa tu. Nilikula chumbani peke yangu, mlango umefungwa. Nilijifunza kuanza na mashavu, ambako nyama ni laini, kisha kuufungua mfupa wa juu kwa kidole gumba, kisha kunyonya. Jicho lilinishinda kwa muda mrefu. Mara moja mwiba ulinikaa kooni nikaumeza kwa tonge kavu la ugali, machozi yakinitoka, na hata hapo nikawa namwaza mwenyeji na tumbo lake. Nikafikia mahali ambapo paka wa mama mwenye nyumba alinusa mabaki yangu akaondoka.

Jumamosi ziliendelea, kichwa hakikuja. Niliwaambia kwamba siku hizi nala vichwa. "Firigisi amekuwa mkubwa," mwenyeji akasema, na akaendelea kukinyonya kilichokuwa mbele yake.

Jumapili moja tukiwa njiani kurudi, nilipasuka. Tulikuwa tumefika juu ambako ubaridi unaanzia. Siku hiyo walikuwa wameirudia video ya salamu kwa ajili ya mgeni fulani, na mchumba wangu ndiye aliyeitafuta kwenye simu. Nikamwambia sikuzaliwa niwe ngoma ya kuchezewa na walevi wa pwani ya ziwa. Nikamwambia kama hao ndio baba na mama zake, basi waniheshimu kama mtu anavyoheshimu mkwe. "Jumamosi ijayo wakiniita Firigisi, mimi na wewe basi."

Alikata kona kadhaa. "Nitaongea nao," alisema.

Wiki ile hakuja kwangu. Alisema malori ni mengi. Kwenye kundi hakuna aliyenitania, hakuna hata aliyeniuliza nitaleta nini, nami nikaona dawa imeingia. Jumamosi alinipitia kama kawaida, gari limeoshwa, akaniuliza kama nimekula asubuhi. Njia nzima aliweka redio.

Tulipofika, mwenyeji alisimama. Sikuwahi kumwona akisimama kwa ajili ya mtu. "Karibu, dada," alisema, akanishika mkono, akaniuliza habari za Mbinga, habari za kazi, habari za wazazi Kitura. Nilipokwenda jikoni kushika kisu, mkewe alininyang'anya taratibu. "Kaa tu, dada. Pumzika, umetoka mbali." Nililetewa soda na glasi juu ya sahani ndogo. Mwalimu alinipisha kwenye kiti cha kivulini. Nilimtazama mchumba wangu nikamwona mrefu kuliko siku zote. Nilisema moyoni, huyu mwanaume amenipigania. Nikaona aibu kwa yote niliyomwambia garini, na nikapanga kumwomba radhi tukirudi.

Mwalimu akaomba. Siku hiyo aliomba kwa kirefu, akamwomba Mungu amtangulie dada yetu katika yote yaliyo mbele yake. Niliitikia amina kuliko wote. Nilikuwa nikiifikiria harusi.

Halafu mke wa mwenyeji akafunua chungu, akatoa kichwa cha mbasa, akakiweka mbele yangu.

Sitasahau nilivyojisikia. Niliwatazama mmoja mmoja, nikakunja mikono ya blauzi, nikaanza. Nilianza na mashavu, bila haraka. Niliufungua mfupa wa juu kwa kidole gumba ukatoa mlio mdogo mzuri. Nilinyonya. Jicho la kwanza nililitia mdomoni nikimwangalia mwenyeji usoni, na la pili nikimwangalia mkewe. Nilikuwa nikingoja wapige makofi, au angalau waseme Mmatengo ameiva. Mwalimu alikuwa akiangalia ziwa. Mwenyeji alikuwa akizungusha chupa yake mezani bila kunywa. Mchumba wangu alikula akiwa ameinama kama mtoto aliyevunja kikombe. Nikadhani nimewanyamazisha. Nikasema kwa nguvu kwamba mbasa wa leo ni mtamu, mama ameweka nini, na mama yule akajibu, "Cha kawaida tu, dada," akainuka na vyombo.

Nilimfuata jikoni na sahani zilizobaki ingawa alinikataza. Alikuwa amechuchumaa kwenye beseni, akisugua sufuria ambalo tayari lilikuwa safi.

"Leo mmeniheshimu," nilimwambia. "Nashukuru. Najua ameongea nanyi."

Aliacha kusugua. "Hajakwambia?"

"Kuniambia nini?"

"Alituahidi atakwambia kabla hamjashuka. Alituapia." Alijipangusa mikono kwenye kanga, kidole kimoja kimoja. "Posa yake imeshakwenda kwa mwingine, mdogo wangu. Upande wa Liuli, kwa watu tunaofahamiana. Imepokelewa. Mume wangu ndiye aliyeipeleka, maana huyu wako hana mzee mwingine."

Ni ajabu jinsi akili inavyokimbilia upuuzi. Ningeweza kuuliza ni nani, ni lini, nimekosa nini. Nikauliza, "Sasa kichwa mmenipa cha nini?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Kichwa ni cha mgeni. Ulidhani cha nani? Mimi tangu niolewe nyumba hii sijawahi kuwekewa. Ulikuwa unakula mkia na mimi hapa, kwenye sinia langu." Alirudi kulisugua lile sufuria. "Nilikwishakuzoea, mwenzio."

Nilitoka na mikono yangu inanuka samaki mpaka kibarazani. Mchumba wangu aliponiona alijua, akasimama, akashika funguo za gari kama ndizo zitakazomwokoa. Nikamwuliza mbele yao wote kwa nini hakuniambia juu, Mbinga, kwenye chumba changu, ambako ningeweza kulia peke yangu.

"Nilitaka kwanza ule," alisema.

Hapo nikafungua mdomo. Kila nililolimeza kwenye kibaraza kile nikalitapika. Nilimwambia mwenyeji tumbo lake limebeba vichwa vya wageni wote aliowadhulumu, na kwamba kaenda kuposa akiwa ananuka dizeli. Nilimwambia mwalimu hatapata mke mpaka samaki waote nywele, na kwamba sala zake Mungu anazisikiliza huku anapiga miayo. Nilimwambia yule mwanaume maneno ambayo bibi yangu angeyasikia angeniziba mdomo kwa majivu. Nilimtukania ziwa lake. Nilisema nililiamkia maji machafu ya watu wachafu, na shikamoo yangu wanirudishie.

Nilisema hayo kwa sauti kubwa, wavuvi wakageuka kutazama. Na katikati ya matusi nikagundua kwamba nasubiri. Nilikuwa namsubiri mmoja wao, yeyote, anijibu: mwenyeji ajishike kwenye nguzo, mwalimu apaliwe, yule mama anipigie kelele kutoka jikoni, Firigisi, punguza pilipili. Wangecheka ningewasamehe. Nikaongeza tusi jingine, baya zaidi, la mama wa mtu, nikamwangalia mwenyeji mdomoni.

Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono ameifumbata mbele, kwa adabu.

"Pole sana, dada," alisema.